Baada ya kuwekewa bendi ya tumbo: mwongozo kamili wa kupona, kula na kuishi nayo

Hii ni ndefu, chukua chai yako kabisa. Naandika kwa ajili ya ndugu zangu waliowekewa bendi au wako mbioni kuwekewa, wa huku Uingereza ninakoishi na wa nyumbani pia, maana naona wengi wanajua habari za siku ya operesheni tu, ya baada ya hapo hawajaambiwa, na bendi yenyewe maisha yake yote ni hayo ya baada ya hapo.

Kwanza tuelewane tunaongelea kitu gani, watu wanachanganya sana. Bendi sio puto, puto lile wanaloweka kina Mloganzila, hospitali ya kule Dar, linapitishwa mdomoni, linakaa miezi kadhaa halafu linatolewa. Wala sio slivu, slivu tumbo linakatwa na kipande kinatupwa, wala baipasi, ile ya kukata na kuunganisha utumbo upya. Kwenye bendi hakuna kinachokatwa. Ni mkanda wa silikoni unazungushwa juu kabisa ya tumbo la chakula, unalibana mpaka linakuwa na umbo kama kibuyu, juu kuna kijifuko kidogo cha ml 15 hadi 30 (yaani vijiko viwili tu vya chakula), shingo nyembamba katikati, halafu tumbo lililobaki chini. Kwenye mkanda kumeungwa mpira mwembamba unaoenda mpaka kwenye poti, kidude cha duara kilichoshonewa chini ya ngozi, ukikipapasa ukishapungua unakisikia. Wakitaka kukubana wanachoma sindano kwenye poti wanaingiza maji ya chumvi, wakitaka kulegeza wanayavuta yanatoka. Ndo hivyo tu.

HATUA YA KWANZA KABISA: nani atakuwa anakurekebishia?

Hili naliweka mbele ya uji na blenda kwa sababu ndilo linalowaliza watu. Bendi bila mtu wa kuijaza na kuilegeza ni pambo la tumboni. Siku ya operesheni mara nyingi wanaiacha tupu au na maji kidogo sana, kwa hiyo kazi yenyewe inaanza wiki kadhaa baadaye, na itaendelea kuhitaji mkono wa mtu kwa miaka yote utakayokuwa nayo.

Sasa watu wanaenda India, Uturuki, Dubai, wanafanyiwa vizuri tu, wanarudi Dar au Mombasa hakuna anayejua hata poti ikoje. Na hali inazidi kuwa ngumu kwa sababu bendi imepitwa na wakati kwenye nchi nyingi. Marekani mwaka 2011 zaidi ya theluthi ya operesheni zote za kupunguza uzito zilikuwa bendi, kufika 2019 haikufika hata 1 kwa 100, wengi wamehamia slivu. Maana yake madaktari vijana wengi hawajawahi kuigusa. Hapa Uingereza kama umefanyiwa kupitia NHS (hospitali za serikali) mwongozo wa NICE, wale wanaotoa miongozo ya matibabu, unataka ufuatiliwe na timu yako kwa miaka 2 angalau, baada ya hapo uangaliwe kila mwaka kwa ushirikiano na GP wako, yaani daktari wako wa mtaani. Lakini kama ulijilipia nje ya nchi, dharura utatibiwa, ila hii ya kujaziwa na kulegezwa mara kwa mara wengi wanajikuta wanalipia wenyewe kliniki binafsi. Kwa hiyo kabla hujalala kitandani pale, uwe na jina la kliniki, bei ya kujaziwa mara moja, na karatasi yenye aina ya bendi, saizi yake na inabeba ml ngapi, maana bendi hazifanani, kuna za ml 4 na kuna za 14, na anayekuchoma bila kujua anachoma kwa kubahatisha.

HATUA YA 2: siku za mwanzo

Operesheni yenyewe fupi, saa moja hivi au chini ya hapo, kwa vitundu vidogo vinne au vitano. Wengi wanarudi nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake. Kinachowashangaza watu sio maumivu ya vidonda, ni bega! Wanakujaza gesi tumboni ili waone vizuri, ile inayobaki inasumbua mshipa wa fahamu wa kiwambo (ule msuli wa kupumulia chini ya mapafu) na maumivu unayasikia kwenye bega, mtu anadhani ana moyo. Inaisha yenyewe ndani ya siku chache, dawa yake kutembea. (Ila maumivu ya kifua pamoja na kuhema kwa shida hayo sio ya gesi, piga simu ya dharura.)

Kutembea ni lazima kwa sababu nyingine pia, damu isigande miguuni. Siku ileile jioni inuka, nenda chooni mwenyewe, tembea korido. Ukipewa zile soksi za kubana vaa hata kama zinakera, ukipewa sindano za kujichoma tumboni nazo choma mpaka ziishe, watu wanaacha katikati wakijisikia vizuri. Mguu mmoja ukivimba na kuuma nyama ya nyuma ya goti kwenda chini usisubiri. Ndege usikimbilie, waliofanyiwa nje waulize daktari mapema ni lini wanaruhusiwa kusafiri, safari ya masaa nane umekaa umekunja miguu baada ya operesheni ni mtihani.

Halafu kuna mama na mashangazi. Wanakuja na nia njema na ndoo ya maji ya moto kutaka kukukanda, wengine wanataka kukufunga tumbo na kanga kama mzazi. Hapana jamani. Ile poti imeshonewa kwenye misuli na bado haijashika, kukandwa na kubanwa kunaweza kuigeuza ikalala kifudifudi, ikigeuka sindano haiingii mpaka ufanyiwe operesheni nyingine ndogo. Waambie kwa heshima: shikamoo mama, daktari kakataza. Ukisema daktari wanaelewa.

Usibebe kitu kizito wiki za mwanzo, dumu la maji halibebwi, mtoto wa miaka miwili anapandishwa kochini wewe ukiwa umekaa. Kazi ya ofisini wiki moja au mbili unarudi. Sisi tunaofanya kea, kugeuza wazee na kusukuma hoisti (mashine ya kuwainulia), omba wiki nne hadi sita na umwambie meneja mapema, usione aibu kusema umefanyiwa operesheni ya tumbo, sio lazima useme ya nini. Gari utaendesha pale unapoweza kukanyaga breki kwa nguvu ghafla bila kushika tumbo, na bima yako wawe wanajua.

HATUA YA 3: wiki za maji maji

Kila hospitali ina ratiba yake, fuata ya kwako sio yangu, ila kwa ujumla wiki mbili za mwanzo (wengine hadi nne) ni vimiminika tu, halafu vya kusaga, halafu laini, na kwenye wiki ya sita hivi unaanza chakula cha kawaida. Sababu sio kukutesa. Bendi inatakiwa itulie mahali pake, tishu zizunguke zishike, ukianza kutapika au kulazimisha chakula kigumu sasa hivi unaisukuma ikateleza, na bendi ikiteleza ni habari nyingine.

Vimiminika maana yake kinapita kwenye chujio. Maziwa yaliyopunguzwa mafuta, mtindi mwembamba wa kunywa, supu ya kuku au samaki iliyochujwa na kuondolewa mafuta juu, uji wa ulezi mwepesi uliochujwa. Supu ya makongoro wanayokuletea kwenye hotpoti ni tamu lakini ile mafuta yake, iache ipoe kwenye friji, toa utando wote wa juu ndo upashe. Uji usiutie sukari vijiko vitano na siagi, hapo hujapunguza kitu. Protini ndo kitu cha kukimbizana nacho, wengi wanaambiwa walenge gramu 60 kwa siku au zaidi, na kwa vimiminika vya kawaida hufiki. Ujanja unaofanya kazi ni maziwa ya unga yasiyo na mafuta, vijiko vinne vikubwa unakoroga ndani ya nusu lita ya maziwa ya kawaida, hayo ndo unapikia uji, ndo unatia kwenye supu nzito, ndo unanywea chai.

Maji, lita moja na nusu hadi mbili kwa siku kwa kunywa kidogo kidogo. Hapa mazoea yetu ya kugida glasi nzima yanakufa. Funda dogo, tulia, funda. Tembea na chupa. Mkojo ukiwa njano iliyokolea na kichwa kinazunguka ukisimama, maji hayatoshi. Soda na chochote chenye gesi achana nacho moja kwa moja, gesi haina pa kutokea unaumia bure. Ni kweli unaweza kusikia njaa kali mwisho wa wiki ya pili, hiyo kawaida, bendi bado tupu, hujafeli.

HATUA YA 4: blenda, halafu uma

Vya kusaga ndo raha yetu sisi watu wa mtori! Mtori uliosagwa laini na nyama ikasagwa humo humo, maharage au ndengu zilizochemshwa mpaka zimelainika ukasaga na kuchuja maganda, samaki mweupe asiye na miba na mchuzi wake, viazi vilivyopondwa na maziwa. Usiongeze maji mengi, tunataka kiwe kizito cha kusimama kwenye kijiko. Anza na vijiko vinne hadi sita kwa mlo, upate milo mitatu na kitu kidogo katikati ukihitaji.

Kwenye laini unaingia mayai ya kuvuruga, samaki wa kuchemsha, nyama ya kusaga kwenye mchuzi, boga, parachichi, papai. Dagaa nawapenda kwa hapa, uwakaange kavu uwasage unga, kijiko kimoja juu ya chochote ni protini na madini.

Halafu sasa chakula cha kawaida, na hapa ndo watu wanajifunza kula upya kama watu wazima. Sahani ndogo ile ya keki. Kipande kisizidi punje ya hindi. Tafuna mara 20 au zaidi mpaka kiwe uji mdomoni, meza, WEKA UMA CHINI, subiri nusu dakika kabla ya kipande kingine. Mlo wote usizidi dakika 20 hadi 30, muda ukiisha umemaliza hata kama sahani imebaki. Protini kwanza, mboga pili, wanga mwisho kama kuna nafasi.

Usinywe ukila. Maji unakunywa mpaka nusu saa kabla, halafu unasubiri kama saa moja baada ya kula. Maana ya bendi ni kile kijifuko cha juu kijae kidogo na kikae kimejaa, sasa ukisukumia na maji chakula kinateleza chini na baada ya nusu saa una njaa tena. Hii sheria ndo ngumu kuliko zote kwa mtu aliyelelewa na kikombe cha chai pembeni ya sahani.

Kuna kengele za mwili wako utazijua. Wengine wanapata kwikwi, wengine makamasi mepesi yanaanza kuchuruzika katikati ya mlo, wengine pumzi moja ndefu inatoka yenyewe, wengine shinikizo hapa katikati ya kifua. Hiyo ndo mwisho, kijiko kimoja baada ya hapo unakitapika.

Vyakula vinavyosumbua: mkate mweupe laini ndo adui mkubwa, unavimba unakuwa donge. Chapati hivyohivyo. Wali uliogandamana, nyama choma, kidari cha kuku kikavu, mishikaki, mashina ya sukuma wiki, nyuzi za embe na machungwa. Kidari kikikushinda jaribu paja lenye mchuzi. Mkate uukaushe kwa kuuchoma. Ugali watu wanatofautiana, tonge dogo laini linapita, gumu la kushiba haliendi. Mlenda au bamia vinateleza vinasaidia, tatizo ukila na mlenda unasahau kutafuna, unajikuta umemeza matonge matatu na bendi inakuuliza.

Na upande wa pili kuna vile visivyosumbua kabisa, hivyo ndo hatari zaidi. Aiskrimu, chokoleti, juisi ya miwa, krispu, biskuti na mandazi ya kuchovya kwenye chai, vyote vinateleza bila kizuizi. Mtu anabanwa na kuku anaogopa, anaishi kwa chai ya maziwa na mandazi ya kuchovya, baada ya miezi sita anasema bendi haifanyi kazi. Bendi haijui kalori, inajua ugumu wa chakula tu. Pombe nayo inapita hapohapo, ina kalori zake.

HATUA YA 5: kujaziwa

Mara ya kwanza kwa kawaida ni kama wiki sita baada ya operesheni. Watu wanaogopa bure. Unalala kitandani, nesi au daktari anapapasa kutafuta poti, mara nyingi anakwambia inua kichwa au nyanyua miguu kidogo misuli ikaze isukume poti juu. Anapaka dawa, anashika poti kwa vidole viwili isikimbie, sindano inaingia, unasikia mchomo kama wa kutoa damu halafu kitu kinagota, hapo imefika. Sindano inatakiwa iwe ile maalum ya poti, ncha yake haikati kipande cha mpira, ukichomwa kila mara na ya kawaida poti inaanza kuvuja. Anaingiza kiasi kidogo, nusu ml au moja, inategemea bendi. Sehemu nyingine wanafanya chini ya eksirei huku ukinywa dawa nyeupe wanaona inavyopita.

Halafu unasimama unapewa kikombe cha maji. Usinywe kuwaridhisha, kunywa na usikilize. Yakishuka taratibu sawa, yakisimama au kurudi mwambie palepale atoe kidogo, usiondoke na "nadhani itakuwa sawa" maana saa mbili usiku hutampata mtu. Siku moja au mbili rudi kwenye vimiminika, panda taratibu.

Lini unahitaji kujaziwa? Kama unakula sahani nzima bila kengele, unasikia njaa kabla ya saa mbili tatu kupita, na kilo hazishuki wiki kadhaa. Lini umebanwa kupita kiasi? Kikohozi usiku ukilala, kiungulia, matapishi ya mara kwa mara, vyakula vigumu vyote vimekataa unaishi na vya kuteleza. Wengi wanafikiri kubanwa zaidi ni kupungua zaidi. Kinyume chake kabisa, aliyebanwa sana anahamia kwenye aiskrimu, na kile kijifuko cha juu kinatanuka. Kipimo sahihi ni pale unapokula kidogo chakula halisi cha kutafuna na unashiba masaa manne. Inachukua kujaziwa mara kadhaa mwaka wa kwanza mpaka upapate.

Matarajio nayo: nusu kilo hadi kilo kwa wiki ni vizuri sana, polepole kuliko wenye slivu na baipasi, usijilinganishe na shosti yako wa slivu utalia. Kwa wastani watu wanapunguza kama nusu ya ule uzito wa ziada ndani ya miaka miwili. Chukua mtu wa kilo 120 ambaye afya yake ingekuwa kwenye 70, ziada yake 50, nusu yake 25, anafika 95. Wapo wanaozidi, wapo wasiofika.

Kikikwama

Kitakwama, siku moja, kwenye shughuli ya watu. Kifua kinabana, mate mazito yanajaa mdomoni, unataka kurudisha. Acha kula papo hapo. Simama, toka nje, tembea, nyoosha mwili, temea mate kwenye tishu. Usinywe maji ya kusukumia na usinywe soda ati itafungua, unaongeza mzigo juu ya kizibo. Mara nyingi kinashuka au kinarudi chenyewe. Baada ya hapo pumzisha tumbo, vimiminika siku nzima, kwa sababu pale palipobanwa pamevimba. Ikiwa inatokea kila wiki sio kawaida ya bendi, ni ama unakula haraka ama imebana.

Hivi ni vya kwenda hospitali bila kusubiri asubuhi: huwezi kumeza hata maji au mate kwa masaa kadhaa, maumivu makali ya tumbo au kifua yaliyoanza ghafla pamoja na kutapika (bendi inaweza kuwa imeteleza, wanatakiwa wailegeze haraka), kutapika damu au choo cheusi, homa na tumbo gumu, poti nyekundu, yenye joto au usaha. Usaha wa poti unaokuja miezi au miaka baadaye usikubali kupewa antibayotiki tu na kurudishwa nyumbani, wakati mwingine ni dalili kwamba bendi imekula ukuta wa tumbo na kuingia ndani, na inaonekana kwa kamera inayopitishwa mdomoni. Dalili nyingine ya hilo ni kwamba ghafla huna tena kubanwa, unakula kama zamani. Na maumivu ya juu kulia chini ya mbavu baada ya mlo wa mafuta yanaweza kuwa mawe ya nyongo, kupungua haraka kunayaleta.

Ukiwa umetapika siku nyingi mfululizo sema hivyo wazi, kwa sababu vitamini B1 inaisha mwilini na inaharibu mishipa ya fahamu, unaanza kuona mbili mbili, kuyumba, kuchanganyikiwa. Inatibika mapema tu. Na nyumbani ukitapika na una homa pima malaria pia, usiweke kila kitu kwenye bendi.

Ukifika mapokezi usiseme "tumbo linauma" ukanyamaza. Sema una bendi, toa kadi yake, sema ilijazwa lini na ina ml ngapi. Huku Uingereza kama huna uhakika piga 111, simu ya ushauri wa afya, watakuelekeza, ila kwa hayo ya juu piga 999 au nenda A&E, idara ya dharura ya hospitali.

Dawa

Vidonge vikubwa vinakwama. Omba ya maji au ya kuyeyuka, au muulize mfamasia kama kinaweza kuvunjwa, kwa sababu vile vya kufanya kazi taratibu siku nzima (metformin na dawa kadhaa za presha zinakuja hivyo) ukivisaga unapata dozi yote kwa mkupuo. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini ya maumivu kaa mbali nazo, zinachubua tumbo na wewe una kitu cha kigeni kimelibana, na najua nyumbani diklofenaki inauzwa kama pipi, panadoli itakutosha kwa mengi. Kama unatumia aspirini kwa moyo usiiache mwenyewe, muulize daktari wako.

Wenye sukari: hili lipangwe KABLA ya operesheni. Unakula kidogo ghafla, insulini na glibenclamide zinabaki dozi ileile, sukari inashuka unazimia. Wenye presha hasa wanaokunywa dawa ya kukojoza, hivyohivyo, presha inashuka unadondoka bafuni. Multivitamini kila siku, vipimo vya damu kila mwaka. Chai za kupunguza tumbo zile za kuharisha, tafadhali achana nazo.

Ramadhani, harusi na maneno ya watu

Miezi ya mwanzo usifunge, una udhuru wa ugonjwa, muulize shehe na daktari wako wote wawili. Baadaye ukiruhusiwa kazi kubwa ni maji, lita moja na nusu kwa mafunda kati ya magharibi na daku sio mchezo, na huku Ulaya Ramadhani ikiangukia kiangazi funga inapita saa 16. Magharibi anza na tende moja, uitoe ganda lake lile gumu, itafune kwelikweli, mafunda machache ya maji, kasali, ndo urudi kwenye supu. Ukirukia sambusa na kaimati kwa njaa ile utaishia bafuni wenzako wanaenda tarawehe.

Kwenye harusi jipakulie mwenyewe, ukipakuliwa umekwisha. Kaa na sahani yako mkononi, kula pilau punje kwa punje na nyama ndogo, watu wanaangalia sahani isiyo na kitu, sahani yenye kitu haiulizwi. Ukienda ukweni waambie mapema una matatizo ya tumbo, ni kweli hujadanganya.

Maneno yatakuja. Kwetu ukikonda hawasemi hongera, wanasema ana nini yule, wengine wanasema ana ngoma na wanaanza kukuletea dua. Amua mapema nani anajua, mtu mmoja angalau ndani ya nyumba lazima ajue kwa sababu ya dharura. Waliobaki sio deni lao. Mimi nimewaambia ndugu wa karibu, waliobaki nawaambia nimeacha soda na wali, na sio uongo.

Nywele, ngozi, mimba

Nywele zinapukutika kuanzia mwezi wa tatu hadi wa sita hivi, zinarudi, kula protini na upime madini ya chuma, usizikaze na rasta nzito wakati huo. Ngozi ya mikono na tumbo italegea kadiri ya kilo zilizotoka na umri wako, mazoezi yanajenga misuli chini yake lakini hayairudishi ngozi, tuseme ukweli. Tembea tangu siku ya kwanza, kuogelea vidonda vikishafunga, vyuma vizito na zoezi la tumbo subiri wiki sita.

Mimba isubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Nasisitiza kwa sababu kilo zikishuka hedhi inajipanga na yai linaanza kutoka, aliyeambiwa hazai anashtukia miezi minne baada ya operesheni. Panga uzazi, na kama unatapika usitegemee vidonge. Ukipata mimba hapo ndo bendi ina uzuri wake, inalegezwa ukala vizuri, ukishajifungua na kunyonyesha kukakaa sawa inajazwa tena.

Miaka ikipita

Bendi nyingi zinaishia kuguswa tena, poti iliyogeuka, mpira unaovuja, kijifuko kilichotanuka, au inatolewa kabisa. Ukiambiwa itolewe usichukulie kama umeshindwa, ila ujue uzito unarudi kwa wengi kama hakuna mpango mwingine, kwa hiyo ulizia kabla haijatoka kama unaweza kuhamia slivu au baipasi. Wengine wanafanya kwa mkupuo mmoja, wengi wanatoa bendi kwanza wanasubiri miezi tishu zipone ndo wanafanya ya pili, na hiyo ya pili ina hatari kubwa kidogo kuliko kama ungeifanya mwanzo. Na hata kama bendi haikusumbui kabisa na hujajaziwa miaka mitatu, nenda mara moja kwa mwaka ikaangaliwe, kijifuko kinaweza kutanuka kimya kimya na ukiwahi mara nyingi wanalegeza tu, kinarudi chenyewe.